Mtu wa Nne Kwenye Picha

Nyumba za Walimu,
Mlango wa Tatu.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zangu nyingi, na natumaini zinakukuta umekaa kitini, si umesimama kwenye hizo zamu zako za hospitali. Mgongo unasemaje? Mara ya mwisho ulitania kwamba wagonjwa unaowageuza vitandani wamekufundisha ukuli, na ukirudi utatafuta kazi ya kupakua malori. Tulicheka sana, lakini wifi yako ameniagiza nikuulize tena bila utani. Basi nimeuliza, na jibu lako litangulie mengine yote.

Sisi huku tu wazima. Kikohozi changu kimekwisha. Wifi yako ananenepa na hataki kuambiwa. Binti yako, Chiriku wetu, amerefuka mpaka sketi ya shule inaonekana ameazima kwa mtoto wa jirani, ila ni yule yule, mdomo hauna likizo.

Sasa nisikilize vizuri. Nimefanya kosa, na kwa kuwa linakuhusu, nataka ulisikie kwangu kabla Chiriku hajalitia chumvi.

Unajua kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikiomba kipindi cha sanaa cha darasa la tano, darasa la binti yako, kiondolewe kwenye ratiba, nipewe mimi niongeze hesabu. Nilimsumbua mwalimu mkuu mpaka akawa akiniona koridoni anajifanya anatafuta funguo. Mwezi uliopita mwalimu wa sanaa akaenda likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu akanikabidhi darasa lake kwa wiki nne na kuniambia, "Haya, Mwalimu Rula, kifundishe mwenyewe. Mwishoni niletee ripoti. Ukiniambia hakina faida, nakifuta." Mwalimu Rula ndilo jina wanaloniita wanafunzi. Sikujua kwamba na ofisini linatumika.

Nilitoka pale roho nyeupe. Ripoti nilianza kuiandika siku ile ile, kabla sijaingia darasani. Nakumbuka sentensi ya kwanza: "Kipindi hiki hakina jibu sahihi, kwa hiyo hakipimiki." Nilijiona nimesema.

Kipindi cha kwanza niliwaambia wachore nyumbani kwao. Wakachora, nikakusanya karatasi thelathini na nane, nikaenda nazo nyumbani, na huko, mdogo wangu, nikazisahihisha. Kwa kalamu nyekundu. Ng'ombe wa buluu, kosa. Mlango mrefu kuliko paa, kosa. Mti wenye majani ukutani, kosa, maana majani hayaoti ukutani. Palipo sawa niliweka alama ya vema, na juu ya kila karatasi nikaandika maksi kati ya kumi. Nilifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja, kama ninavyofanya siku zote.

Kwenye karatasi ya binti yako palikuwa na nyumba yetu hii, dirisha lenye kioo kilichopasuka, viatu vyangu mlangoni, na watu wanne wameshikana mikono. Nikahesabu. Mimi, wifi yako, yeye. Watatu. Nikampiga yule wa nne alama kubwa ya kosa kifuani na kuandika pembeni: "Mpo watatu tu. Hesabu upya." Nikampa tano kati ya kumi.

Nilirudisha karatasi Jumatatu. Jumatatu hiyo Chiriku alikula bila kusema neno. Jumanne pia. Wifi yako akaniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu, nikamwambia nimemsahihishia kazi tu. Akaniuliza kama nilimuuliza yule wa nne ni nani. Nikasema sikuona haja, hesabu ilikuwa wazi. Akaweka kijiko chini. "Ni mama yake," akasema. "Mama yake umemkata kwa kalamu nyekundu."

Mdogo wangu, niliona aibu ambayo sijaiona tangu tukiwa watoto. Miaka ishirini na mbili nimefundisha watu kuhesabu, na wewe nilikuacha nje ya nyumba yako. Tena nikakumbuka boksi la rangi ulilomtumia mwaka jana. Nililifungia kabatini zisije zikachafua madaftari, nikasema atalipata baada ya mtihani. Mtihani gani, mwenyewe sikujua.

Nikaenda kumwomba radhi. Hilo nalo ni habari, maana wifi yako anasema hajawahi kuniona nikifanya hivyo. Nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni, karatasi iko mbele yake, ulimi nje. Nikaanza kujieleza kwa kirefu. Akanikatiza bila kuinua kichwa: "Usijali, mjomba. Nimeshakusahihishia."

Alama yangu ya kosa kifuani pako ilikuwa imegeuka mikanda ya mikoba miwili. Umevaa mmoja huku na mwingine kule, mikanda inapishana kifuani, na mikoba yenyewe imevimba mpaka zipu hazifungi. Ndiyo kwanza unafika kutoka safari. Vema zangu mbili zimekuwa ndege juu ya paa. Sifuri ya ile kumi imekuwa jua. Maneno yangu "Hesabu upya" ameyazungushia fremu na kuyatundika ukutani mwa nyumba. Nilicheka, kisha sikucheka tena, kisha nikaenda kufungua kabati na kumletea rangi zake.

Kesho yake nilimwomba aende na karatasi ile darasani. Nikawaambia wenzake kila mmoja afanye anavyoweza na uchafu wangu. Kelele zilizotoka humo zilimfanya mwalimu wa darasa la pili aje kuchungulia. Makosa yangu yakawa mikasi, kaiti, uzio wa kuku, miguu ya meza. Mmoja aligeuza kosa langu kuwa masharubu, akanipachika mimi. Amepata sura kabisa.

Lakini aliyenimaliza ni binti wa fundi viatu. Kwenye hesabu hunijibu kwa kutikisa kichwa, na sehemu, hizi nusu na robo, zilimshinda tangu mwaka uanze. Siku hiyo alisimama akaieleza picha yake mpaka nikatamani kukaa chini. Nikaona nijaribu. Nikamwambia basi nichoree robo tatu. Akafikiri kidogo, akachora blanketi moja la watu wanne, watatu wamelala na mmoja ametoka. Akaniambia huyo aliyetoka nafasi yake ipo, ndiyo maana wengine hawajajitandaza. Sijawahi kuifundisha robo tatu vizuri namna hiyo.

Ripoti ya zamani niliichana. Mpya nimempelekea mwalimu mkuu Ijumaa, na ina mistari mitatu: kwamba nilikosea, kwamba kipindi kibaki, na kwamba naomba niendelee kukishika mpaka mwenyewe arudi kutoka likizo. Alivua miwani, akaifuta, akaisoma ripoti tena. Kisha akauliza kama ninaumwa. Kipindi kimebaki, mdogo wangu, na tangu jana ukuta wa ofisi ya walimu una picha thelathini na saba. Binti yako ndiye aliyebandika, na mimi nilishika ngazi na kunyamaza kama alivyoniamuru.

Ya thelathini na nane iko ndani ya bahasha hii. Chiriku amesema uibandike karibu na kitanda chako, na uangalie mikoba vizuri, kwa sababu ndani ya mmoja amechora zawadi yake na anataka ujue ni ya saizi gani.

Mama anakusalimu, anasema simu zako ni fupi. Wifi yako anakusalimu na kusubiri habari za mgongo. Fundi viatu na binti yake, ambao sasa ni wageni wetu kila Jumamosi, nao hawakusahau kukutaja. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe mikono yenye nguvu na watu wa kukutunza kama unavyowatunza wengine, na akurudishe salama.

Na kama kuna atakayekuuliza nyumbani kwenu mpo wangapi, mwambie kaka yako mwalimu wa hesabu amehesabu upya. Tupo wanne.

Akupendaye siku zote,
Kaka yako, Mwalimu Rula