Kimya cha Chiriku

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Mgongo wako unasemaje, na bado unainama kufua mwenyewe ingawa nilikukataza? Mimi mwili mzima, ila usingizi ndio haunitoshi.

Chiriku amefika salama. Mke wa kinyozi uliyemtuma amlete alinikabidhi mtoto pale uwanja wa ndege, kamshika mkono kama kuku anayeweza kuruka. Nilipomkumbatia mwanangu alikaa kama gogo, kisha akaniambia, "Shikamoo, anti." Nikacheka nisije nikalia mbele za watu. Nilimwacha kwako akitambaa, nimlaumu kwa lipi?

Yule mwenzangu tuliyekuwa tukipokezana kitanda kwa zamu amehama, kwa hiyo chumba sasa ni chetu wawili. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kazi ni ile ile ya dobi hotelini. Mashuka yanakuja machafu, yanatoka meupe, kesho yanarudi, kama vile dunia nzima imelala na mimi ndiye niliyeachiwa kufua. Akitoka shule, mama mshonaji wa ghorofa ya chini anakaa naye mpaka nirudi.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, na mdomo nao upo, kwa hiyo sijambo.

Nyumba imepoa. Juzi nimepika sufuria ile ile ya siku zote, nikakumbuka kuwa Chiriku hayupo tayari imeiva. Nikaita watoto wa jirani wakala.

Hilo la kuitwa anti usiliweke moyoni. Mtoto hazaliwi mara moja. Niambie tu, anawasumbua watu kwa maneno? Maana huyo hapa alikuwa akilala na hadithi nusu, akiamka anaendelea alipoishia.

Mama yako


9 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, salamu zangu leo ni fupi.

Chiriku haongei. Wiki ya kwanza alikuwa akijibu ndiyo na hapana, halafu akanyamaza kabisa. Mwalimu alidhani ni kiziwi. Daktari kampima, masikio mazima, koo zima. Chakula anadonoa tu. Narudi kutoka kazini mikono inawaka kwa mvuke, naongea peke yangu kama redio, yeye anatazama ukuta. Jana nikamfokea. Nikamwambia, "Sema basi, hata unitukane." Akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Nimechoka, mama. Mji huu niliuzoea kwa kung'ata meno, nikadhani naye atauzoea. Mke wa kinyozi anarudi huko karibuni. Nataka aondoke naye. Kwako atacheka. Nijibu upesi.

Mwanao


21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako, nikaenda moja kwa moja nikatandika kitanda chake. Hata mto nikauanika. Kisha nikakaa juu yake nikajiuliza, namtandikia nani, yeye au mimi?

Usimlete. Sisemi hivyo kwa kuwa simtaki. Namtaka mpaka naogopa. Lakini ukimrudisha, atajua mama yake alimwacha mara mbili, na hii ya pili ataikumbuka. Mimi jua langu linakwenda kutua. Nikiondoka, atamfahamu nani?

Usimvute maneno mdomoni. Kaa naye. Na ukichoka, choka mbele yake, usijifanye chuma. Wewe hukuwa chuma tangu nikuzae.

Kitanda nimempa jirani aliyejifungua, nisije nikageuza kauli. Usiniulize tena jambo hili. Nina kichwa kigumu, lakini moyo si jiwe.

Mama yako


17 Agosti

Mwanangu,

Hujambo huko? Mke wa kinyozi amefika. Nilimwona akishuka kwenye gari peke yake. Nikaangalia nyuma yake, hamna mtu. Nikamsaidia mizigo, nikamshukuru Mungu, halafu nikaingia ndani nikalia.

Nilisema usiniulize, sikusema usiandike. Udogoni hukunitii hata siku moja. Utiifu huu umeuokota wapi?

Mama yako


6 Septemba

Mama,

Shikamoo nyingi. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kusema ila lile ulilonikataza.

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliugua, nikafanya zamu yake juu ya yangu. Nilipofika nyumbani miguu ilikataa kuvuka kizingiti. Nikakaa chini pale pale mlangoni, nikalia, na sikujificha. Chiriku akaja taratibu, akakaa kando yangu. Tukakaa.

Halafu akasema, "Na mimi sipapendi hapa."

Nikamwambia, "Siku nyingine hata mimi sipapendi."

Akaniuliza, "Sasa tutafanyaje?"

"Sijui," nikamwambia. "Kwanza tupumzike."

Akaniegemea. Wapangaji wakawa wanapita wakituruka miguu, na hatukusogea.

Tangu hapo maneno yanamtoka kidogo kidogo, na mengi ni malalamiko. Blanketi linamwasha. Mwalimu anasema haraka. Mimi nakoroma. Nasikiliza yote.

Leo sina zamu. Amelala mchana wote, mdomo wazi, mguu wake mmoja uko juu ya goti langu, ndiyo maana mwandiko umepinda. Siutoi.

Mwanao