Kobe Aliwabeba Wote Wawili

Rahaleo, Mtwara
14 Agosti 2005

Kaka Asadi,

Shikamoo. Hiyo nimeiandika kwa kumheshimu Mama aliyenilea, usidhani imetoka moyoni. Mimi mzima, mafua tu ya vumbi. Wewe na wifi Asia najua hamjambo, maana mgonjwa haandiki amri kurasa tatu.

Eti msimu wa korosho umefika, nirudi Kitaya nikaokote, na mwezi ujao unakuja mwenyewe kunichukua! Eti kupiga kelele kwenye banda la video si kazi ya mtoto wa kike. Kelele hizo ndizo kazi yenyewe, kaka. Picha ya kizungu inakwenda, mimi nimeshika kipaza sauti naisema kwa Kiswahili. Kizungu nimejifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyochanika inayoanzia herufi D. Na Mama nimemuuliza. Kasema watoto wa jirani, Mzee Yohana, wanamwokotea, yeye hajamtuma mtu.

Unaikumbuka ile katuni ya kaka na dada waliopanda kobe anayeruka? Wewe uliiona huku mjini, likizo, kwenye televisheni ya jirani wa Mjomba. Ukirudi Kitaya unanisimulia tukilinda mpunga usiliwe na viboko. Nilikuwa nakuganda kama kupe, sema kaka, halafu ikawaje! Mwisho ukanisimulia kwamba kobe alichoka, akasema atabeba mmoja, na dada akashuka mwenyewe, akamwachia kaka yake nafasi. Ukasema ndiyo maana watu wote walimpenda.

Kesho yake asubuhi Baba akaniita. Mjomba alikuwa na nafasi ya mtoto mmoja wa kusomesha mjini, na Baba alitaka niende mimi, kwa kuwa darasani nilikuwa wa kwanza. Nikamwambia aende kaka. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikajiona kama yule dada, nikasubiri kupendwa. Wewe ulipanda lori hata hukugeuka.

Mwezi uliopita Thabiti, mwenye banda, kaleta sinema iliyotengenezwa kutokana na katuni ile, safari hii wanacheza watu kweli. Nikaitazama peke yangu kwanza ili nijiandae kutafsiri. Mwishoni kobe anawabeba wote wawili. Nikasema labda hawa wa sinema wamebadilisha, ndiyo tabia yao. Nikamsumbua Thabiti siku nne mpaka akachimbua kanda ya zamani ya katuni yenyewe. Wote wawili, Asadi! Kobe hata hakuguna.

Kumbe ulijua Baba anataka nani.

Sasa na mimi nina la kuungama. Sinema hiyo nimeitafsiri nitakavyo. Kwangu mimi kaka anamsukuma dada yake, na kaka huyo nimempa jina lako, la Baba, na pengo lako la jino. Imeonyeshwa mara tisa. Watoto wa Rahaleo wote wanalijua pengo hilo, hadi wa Likombe wanakuja kwa miguu kukuzomea. Juzi katoto kamoja kaliniuliza kama kweli alimsukuma. Nikakaambia kweli tupu, nimeona kwa macho yangu.

Basi karibu mwezi ujao. Ukishuka stendi, cheka uwaonyeshe pengo, watakuleta hadi mlangoni kwangu. Kitaya utakwenda mwenyewe.

Nisalimie wifi, huyo sina ugomvi naye.

Ni mimi dada yako,
Safina