Bikoni ya Sita

Jumatatu, 3 Februari

Nimezunguka msitu tena. Bikoni, yale mawe ya mpaka, ya kwanza hadi ya tano ziko sawa. Ya sita sijawahi kuiona, na miaka ishirini na miwili nimeandika "ipo" kwenye kitabu cha kituo. Nani atakwenda kuangalia? Huko chini kuna makonge, na kila mtu hapa anajua mpaka ni makonge.

Mtu mmoja tu njiani, mama wa kuni. Alinisalimia bila kusimama. Hayo ndiyo maongezi yangu ya leo.

Nimekula muthokoi, mahindi na maharagwe, wa tangu Ijumaa. Bado sijajua kupika wa mtu mmoja.

Alhamisi, 6 Februari

Chifu ametangaza baraza la Jumanne. Kaunti inataka kilima hiki cha msitu kitoke kwa Serikali Kuu kije kwao. Redioni wanabishana tangu asubuhi. Mmoja anasema Nairobi wanakijua kilima hiki kwenye ramani tu. Mwingine anasema kaunti ikipewa, mwaka hautaisha kabla miti haijawa mbao. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini Februari hii hata nyasi hakuna.

Mshahara wangu ni wa Serikali Kuu. Maji yangu ni ya chemchemi ya kilima. Sina upande.

Nilizima redio. Nyumba ikawa kimya mno. Nikawasha tena.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefagia kwa Mwikali, mke wangu. Aprili atatimiza miaka mitatu tangu afariki. Kaburi lipo mwisho wa shamba, hatua nne chini ya makonge, upande wetu. Aliyapanda mwenyewe, yeye na akina mama wenzake wa mwethya, mwaka ule walipokuwa wakisaidiana shamba kwa shamba kuchimba fanya juu. Mtaro, tuta, kisha makonge juu ya tuta ili udongo usiondoke na mvua. Walikuwa wakiimba, nikiwasikia nikiwa kituoni. Alipougua akasema azikwe pale, karibu na kazi yake. Mwanamke mkaidi. Hakuna aliyembishia akashinda.

Msalaba nilichonga mwenyewe, wa mti wa mukau. Mchwa hawaugusi.

Mwende, binti yetu, alisema atapiga simu. Hajapiga. Anashona nguo kiwandani Athi River, zamu zao ni za ajabu, najua. Nimekasirika hata hivyo.

Jumanne, 11 Februari

Baraza. Hema, viti vya plastiki, jua la kuua. Sisi askari wa msitu tuliambiwa tusiseme neno, tukawekwa nyuma. Akina mama waliuliza kama wataendelea kuokota kuni. Swali lao lilipita kama upepo. Watu wa kaunti na wa Serikali Kuu walikubaliana jambo moja tu: kilima kipimwe upya kwanza, ndipo ijulikane kinachogombaniwa.

Makofi. Na mimi nilipiga. Mjinga.

Ijumaa, 14 Februari

Soroveya amekuja. Msichana anaitwa Nduku, ana adabu, ananiita mzee kila sentensi. Alinionyesha ramani. Toka bikoni ya tano hadi ya sita mpaka ni mstari ulionyooka.

Makonge hayajanyooka. Yanafuata mtaro, na fanya juu hupinda na kilima, la sivyo maji yataivunja. Tuliyaona pale kila siku mpaka tukayafanya mpaka.

Akauliza ya sita iko wapi. Nikasema ilichukuliwa na mvua zamani. Ulimi ulitangulia.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Nilichukua panga na kamba.

Ipo. Ndani ya kichaka, imelala kidogo, namba inasomeka. Nilivuta kamba kutoka ya tano. Imepita hatua sita chini ya kaburi. Mwikali yuko msituni mzima mzima. Mimi mwenyewe nilimzika kwenye ardhi ninayolipwa kuilinda.

Mwaka jana nilimng'olea Kyalo, jirani yangu, mihogo yake. Ilikuwa imeingia msituni hatua mbili. Alilia mbele ya watoto wake. Nikamwambia sheria ni sheria.

Nimerudisha matawi juu ya jiwe. Halionekani.

Jumatano, 19 Februari

Nilikutana na Kyalo dukani. Aliniuliza, bila ubaya wowote, kama ni kweli kila mtu atapimwa. Niliacha chai mezani.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kituoni, nikamchukua Nduku, nikaondoa matawi mbele yake. Aliangalia jiwe. Aliangalia msalaba. Hakunikaripia, na heri angenikaripia.

Alinieleza pole pole. Kaburi lenye alama lazima aliandike. Likishaandikwa, atakayepewa kilima, awe kaunti au Serikali Kuu, atataka lihamishwe. Atarudi Jumatatu na mashine yake. Kisha akasema, akiangalia viatu vyake, "Mimi napima ninachokiona, mzee."

Alhamisi, 20 Februari

Mwende amepiga. Nilimwambia yote.

"Baba, si ungenyamaza tu."

Nikamwambia nilijaribu siku tatu. Akasema mama asiguswe na jembe la mtu. Halafu akalia, nami nikashika simu tu. Sijui kumbembeleza mtu kwa simu. Mamake ndiye aliyejua.

Jumapili, 23 Februari

Nimeung'oa msalaba. Ulikuwa umeshika ardhi kweli kweli, nikalazimika kuutikisa kama jino. Mawe ya kuzunguka nimeyatawanya moja moja. Udongo nimeusawazisha, nikaufunika majani makavu.

Nilimwomba msamaha kwa sauti. Kikamba, maana Kiswahili cha kazini hakikufaa.

Jumatatu, 24 Februari

Nduku alipita na mashine. Alipima hadi bikoni ya sita. Pale kwa Mwikali alizunguka, hakukanyaga.

Jumapili, 16 Machi

Redioni wanasema mjadala umeahirishwa. Hakuna aliyepewa, hakuna aliyenyimwa. Ramani mpya ipo tayari.

Mvua ilinyesha Alhamisi na jana. Nyasi zimeanza kuota pale kama kwingine kote. Mwende alikuja Ijumaa, akalala siku moja, nikamwonyesha kwa kidole tu.

Leo nimezunguka. Kitabuni nimeandika: bikoni ya sita, ipo. Kisha nikahesabu hatua sita kupanda, nikavua kofia, nikasimama. Mama wa kuni alipita, akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza kitu, niko kazini.

Msalaba uko chumbani, umeegemea ukuta upande wake wa kitanda.