Mgeni Niliyemnyima Ugali

Sabato, 6 Septemba 2025
Tumeamka salama. Baba Bonareri mgongo umepoa. Mokeira mdogo amemaliza uji. Nyanya Bitutu anakohoa lakini anacheka. Bonareri wangu tu — sukari. Jana kliniki ya Ikonge wamempa vidonge vipya, vikubwa kama mbegu ya boga! Sista Nereah amesema ameze kimoja kizima, kila jioni, na chakula. Eti kinafura tumboni, kinakaa na chakula, kinatoa dawa polepole mpaka asubuhi. "Mama, ni kama mgeni. Ukimpa ugali anakaa. Usipompa anaenda zake." Tukacheka sana.

Alhamisi, 25 Septemba
Bonareri amejipima sukari asubuhi. Nane! Ilikuwa kumi na sita. Asante Yesu.

Jumapili, 28 Septemba
Akina mama wa maombi watafunga wiki nzima kwa ajili ya Bonareri. Kula ni mchana tu, jioni maji. Nimelia kwa furaha. Nikasema na mgonjwa mwenyewe afunge. Akauliza, "Mama, na kidonge?" Nikamjibu, meza na maji. "Lakini Sista alisema chakula." Nikamfokea — wenzako wanakaa njaa kwa ajili yako, imani yako ndogo hivyo? Akameza.

Alhamisi, 2 Oktoba
Kumi na nne. Anakunywa maji kama ng'ombe. Mama Phanice wa maombi anasema adui anapigana, tusilegee. Sikulegea.

Jumatatu, 6 Oktoba
Wodini. Jana alianguka shambani akichuma majani chai, kikapu mgongoni. Ishirini na tatu!
Daktari Oyugi ameuliza, dawa ulikuwa unameza? Akajibu, "Kila jioni, daktari." Basi. Hakutaja maji matupu. Hakunitaja. Daktari akasema, kama ni hivyo vidonge vimeshindwa, ataenda nyumbani na sindano, kila siku. Bonareri anaogopa sindano tangu utoto! Na vidonge havikushindwa. Mgeni nilimnyima ugali mimi.
Nimemwambia, nitasema ukweli. Akaninong'oneza, "Wacha Mama, watakugombeza mbele ya watu." Mtoto ananificha mimi!
Nimemtumia Baba Bonareri ujumbe, niseme au ninyamaze? Hajajibu.
Daktari amerudi na karatasi za kuandikia wagonjwa dawa. Yuko kitanda cha tatu. Sisi ni cha tano. Bonareri ananitikisia kichwa.
Baba Bonareri, jibu haraka — ameshafika cha nne