Namjua kwa Mama Yake

Jumatatu, 8 Julai
Machinjioni alfajiri. Baridi ya Kibondo mwezi huu inapenya hadi ndani ya gambuti. Ng'ombe watatu, mbuzi wachache. Ini moja limejaa minyoo, nimelikatakata na kulitupa shimoni. Mwenye ng'ombe amenuna. Nimezoea. Tangu serikali iniajiri na kunileta huku kutoka Singida, kazi ya kukagua nyama haijanipa rafiki hata mmoja.

Usaili wa viza ni Alhamisi ya wiki ijayo, Dar es Salaam. Ruhusa ya kazini nimepata.

Mama mkwe amepika ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Tumekula. Hakuuliza habari za safari. Mimi pia sikuzitaja.

Jumatano, 10 Julai
Deo, mume wangu, amepiga kwa video. Huko Marekani ilikuwa mchana, anakula mkate ndani ya gari kabla ya kuingia kiwandani. Bahati nasibu ya viza ilimpata kabla hatujaoana. Akaenda. Akarudi mara moja tu, tukafunga ndoa bomani, akakaa wiki tano, akaondoka tena. Wiki hiyo hiyo mama yake akahama Murungu na kuja kukaa na mimi. Ndiyo ndoa yangu hiyo. Mume kwenye simu, mama mkwe jikoni.

Nikamuuliza mama atabaki na nani. Akasema tutamtafutia msichana wa kukaa naye, tutakuwa tunatuma matumizi. Sauti ya simu ilikuwa juu. Mama alikuwa pale pale anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Nilipaswa kumkatiza Deo. Sikumkatiza. Nilikuwa natafuta jibu, na hilo lilikuwa jepesi kulipokea.

Jumamosi, 13 Julai
Nimepanga picha za harusi. Chache mno. Kanisa hakuna, msikiti hakuna. Mimi Mwislamu, kina Deo Wakatoliki. Wajomba zangu waligoma kuja. Alikuja mama yangu peke yake, siku mbili njiani, akakaa kwenye benchi la bomani na mkoba magotini. Picha moja inamwonyesha mama mkwe anacheza. Wengine wote tumesimama kama tumeitwa kutoa ushahidi.

Kuna mwalimu Kasulu alinyimwa. Hawakuamini ndoa yake. Naogopa kunyimwa. Naogopa pia kupewa, hilo siwezi kumwambia mtu.

Jioni mama ameniuliza, "Mukazana, huko utakagua nyama ya nani?" Mukazana ndivyo anavyoniita, kwa lugha yao mke wa mwana. Nikacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akasema Mungu anifungulie njia. Alisema kwa moyo wote. Ndicho kilichoniuma.

Jumatatu, 15 Julai
Basi limetoka Kibondo giza bado halijaisha. Mama alinisindikiza hadi stendi, kajifunga kitenge kichwani, kanipa viazi vya kuchemsha. Hakusubiri basi liondoke. Aligeuka mara tu nilipokaa.

Vumbi hadi Nyakanazi. Kahama. Singida tumepita kwetu, nikatazama tu dirishani. Miguu imevimba.

Jumatano, 17 Julai
Mbagala kwa kaka yangu. Joto. Shemeji ananiuliza maswali ya usaili kama mwalimu wa zamu. Mumeo analala upande gani wa kitanda? Nimemjibu sikumbuki vizuri. Wiki tano zile kitanda kilikuwa chembamba, tulilala palipopatikana. Yeye kacheka. Mimi nimekwenda kukaa uani.

Alhamisi, 18 Julai
Nimepewa.

Niandike kwa utaratibu. Foleni nje, simu inabaki, mkanda na viatu. Ndani kiyoyozi na viti vya safu. Kila aliyeitwa dirishani tulimwona mgongo tu. Kijana aliyenitangulia alitoka anafuta uso na shati.

Dirisha langu alikaa mama wa makamo, mzungu, mwenye Kiswahili cha kujifunza, kila neno kamili. Nikainua mkono wa kulia, nikaapa kusema kweli. Akauliza tulikutana wapi. Nikasema ofisini kwangu Kibondo, alikuja kuomba kibali cha kusafirisha mbuzi. Akauliza kwa nini picha ni chache. Nikamweleza habari ya dini na wajomba. Akaandika. Akageuza picha zote tena.

Halafu akasema, "Mmekaa pamoja wiki tano. Unamjuaje mume wako?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi. Hili halikuwamo. Nikasema, "Namjua kwa mama yake. Naishi naye."

"Nieleze."

Nikaeleza. Kwamba anasali rozari kwa sauti, na akiniona nimetandika mkeka anashusha sauti. Kwamba Ramadhani anaamka kabla yangu kunipashia chakula cha daku, kisha anakaa nami nikila, yeye hali. Kwamba Deo akikasirika hunyamaza na kuanza kufagia, na kumbe tabia hiyo ni ya mama yake, nimemwona akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kwamba nilipolazwa na malaria hospitali ya wilaya alilala chini sakafuni siku zote, wauguzi wakadhani amenizaa.

Yule mama aliacha kuandika. Akauliza, "Na sasa yeye atakaa na nani?"

Nikasema sijui. Nilikuwa nimeapa.

Akasema viza imekubaliwa, pasi inabaki, nitajulishwa siku ya kuichukua. Nikasema asante. Nje nikakaa kwenye ukingo wa barabara na kulia. Mlinzi kaniambia pole. Alidhani nimenyimwa.

Nimempigia mama mkwe. "Mungu mkubwa," kasema. "Umekula?" Basi.

Jumapili, 21 Julai
Deo anapiga kila saa. Ananiambia nguo za kununua, theluji, jina la mtaa. Furaha yake naisikia, yangu haijafika. Viza nimepewa kwa sababu ya mama mkwe. Kitu cha kwanza nitakachofanya nayo ni kumwacha.

Nimempigia jioni. Nimesikia kuku na sauti ya mwanamke mwingine. Nikauliza una wageni? Akasema hapana, hakuna mgeni hapa. Sikuelewa.

Ijumaa, 26 Julai
Pasi ninayo. Nimefika Kibondo nimechoka, nyumba imefungwa. Ufunguo kwa jirani, Mama Eliza. Anasema mama alipanda basi la Kasulu siku moja tu baada ya mimi kuondoka. Godoro, sufuria zake, kuku. Amekwenda Buhigwe kwa dada yake. Aliaga mtaa mzima, akamkataza yeyote asinipigie simu kabla ya usaili wala baada yake.

Ndani kumefagiwa. Kitanda changu kimetandikwa.

Nilichohisi kwanza ni nafuu. Nakiandika kwa sababu ni kweli. Hasira ikaja baadaye, kisha aibu.

Jumamosi, 27 Julai
Kasulu, kisha gari dogo hadi Buhigwe. Nimemkuta uani na dada yake Domitila, wanapukuchua mahindi. Hakushtuka. Kaniletea kiti, maji, kisha kaendelea na mahindi. Nikakaa chini nikapukuchua nao. Domitila akakumbuka kuwa ana shughuli kwa jirani.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia.

"Ungebaki," kasema. "Au usingebaki. Yote mawili sikutaka kuyaona."

Kisha akanieleza jambo ambalo hata Deo hajawahi kunieleza. Walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mtoto. Mama yake alimwacha Kasulu kwa shangazi, mama yake Domitila, akarudi Burundi kutafuta watoto wadogo waliobaki. Alimwambia kaa hapa, narudi. Hakurudi. "Nimekaa kwenye ule mlango mpaka nikaolewa. Mukazana, kwenye mlango sikai tena. Safari hii nimeondoka mimi."

Neno narudi lilikuwa mdomoni mwangu. Nimelimeza. Nikachukua hindi jingine.

Jumapili, 28 Julai
Nimempigia Deo, nimemweleza yote. Kisha akaomba kuongea na mama. Wameongea Kirundi, nimetoka nje. Mama aliporudisha simu alisema tu kwamba hakuna msichana wa kuajiriwa. Yeye na Domitila wanatosha, na mashamba yapo.

Jumanne, 30 Julai
Leo narudi Kibondo kukabidhi ofisi. Nimeamka mapema, ila mama alishachemsha chai. Tumekunywa wawili, Domitila bado kalala. Tumeongea kuhusu mbolea na bei ya maharage. Alinirekebishia mtandio begani.

Kisha akachukua jembe, akasema jua lisimkute njiani. Akanipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida. "Ugende amahoro," kasema. Nenda kwa amani.

Akashika njia ya shambani. Ukungu bado bondeni. Hakugeuka, nami sikumwita. Nimesimama mlangoni mpaka kitenge chake kikapotea nyuma ya migomba. Kisha nikaosha vikombe viwili, nikavifunika juu ya kichanja, nikaenda kusubiri gari.