Madigadi Mekundu ya Meneja

Shamba la mkonge, Same
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na paa la chumbani kwako, limezibwa au dada bado anahamisha ndoo kila mvua ikinyesha? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Naanza na habari itakayokutuliza: kazi bado ninayo. Barua iliyopita niliiandika siku ile ile nilipoambiwa huenda nikafukuzwa, nikaituma bila kueleza kisa. Najua ilikunyima usingizi. Nisamehe, sasa naeleza.

Shamba letu, kama nilivyokwambia, limeuzwa kwa mtu binafsi. Zamani, likiwa la umma, trekta likiharibika tulingoja vipuri mpaka majani yanaota kwenye matairi. Siku hizi vipuri vipo, ukienda Moshi unavipata, ila watu ndio wamepunguzwa. Karakana nzima tumebaki mimi na mzee mmoja wa kuchomelea vyuma. Anayekosea hapewi onyo. Anarudi kwao, na wa kuchukua nafasi yake wanasubiri getini.

Mwenye shamba alimletea meneja pikipiki ya magurudumu manne ya kuzungukia mashamba. Haina mlango wala paa, unaipanda kama punda. Juu ya matairi ina madigadi mapana ya plastiki nyekundu, na yalipofika yaling'aa hata ukiinama unaona meno yako. Meneja alituita tuitazame, akasema, "Atakayeitia mkwaruzo, asinitafute. Atafute basi la kwao."

Wiki chache baadaye alinipa pikipiki hiyo hiyo niende Mhezi, kijiji kilichoko huko juu milimani, nikawatafute vijana wa kukata mkonge. Nilifurahi kuliko alivyojua, kwa sababu Mhezi ndiko kwao Nakijwa, yule fundi cherehani wa Same mjini niliyekutajia. Mvua ilinikamata huko, barabara ikawa utelezi mtupu, ikabidi nilale. Mama yake Nakijwa alinipokea kwa makande na chai ya maziwa, akanipeleka kulala kwa jirani, na pikipiki ikabaki uani kwake, imejaa tope mpaka kwenye taa.

Asubuhi niliikuta safi. Hapakuwa na tope hata chembe. Mama Nakijwa alikuwa amesimama pembeni, mikono imelowa hadi kwenye viwiko.

"Mgeni haondoki kwangu na tope," akasema. "Ilikuwa ngumu, lakini nimeipatia."

Alikuwa ameisugua kwa majivu na mchanga wa mtoni, mama. Kama sufuria. Unaikumbuka miaka ile sabuni ilipokuwa ya foleni. Wengine wamerudi kwenye sabuni, yeye hajarudi. Sufuria zake zimepangwa ukutani na zinaumiza macho kwa kung'aa. Ila plastiki si sufuria. Madigadi yote yalikuwa yamejaa mikwaruzo ya duara, wekundu umefifia ukawa kama wa nyanya iliyopakwa unga.

Ungefanya nini? Nilisema, "Asante sana, mama. Umejisumbua." Akanipa na mkungu wa ndizi nimpelekee meneja.

Nilipita kwanza kwa Nakijwa mjini. Aliitazama, akaweka mkono mdomoni. "Usimwambie mama," akasema. "Akijua kakuharibia kazi hatakula wiki nzima. Na wajomba zangu watasema umemtukana."

Kwa hiyo meneja aliponiuliza, nilimjibu kwamba yamekwaruzika wakati wa kuoshwa, na dhamana ni yangu.

"Nani aliosha?"

Nikamkabidhi ndizi za Mhezi.

"Haya. Mwenye shamba anakuja Jumamosi. Akiikuta hivi, ndizi hizi utazila safarini."

Yule mzee wa kuchomelea alinishauri nipake mafuta ya kula. Nikapaka. Yaling'aa vizuri, mzee akajisifu, na ilipofika mchana vumbi lote la Same lilikuwa limeganda juu yake. "Sasa imeota manyoya," akasema, akaenda zake kuvuta sigara.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa kupaka magari rangi, karibu na stendi. Alikwaruza kidogo upande wa chini wa digadi kwa kisu, akanionyesha. Chini ya wekundu kulikuwa na wekundu. "Hii haikupakwa rangi," akasema. "Rangi imo ndani ya plastiki yenyewe, kama nyama na damu. Ondoa hii ngozi iliyoumia, utaikuta nzima." Akaniuzia msasa wa maji wa aina tatu, kutoka ulio mkali hadi ulio laini kama karatasi ya daftari, na kopo la kompaundi, ile pasta ya kung'arishia magari. Akanionya nisiisogeze plastiki karibu na moto, maana wapo wanaojaribu kuyeyusha mikwaruzo na wanaishia na digadi lililokunjamana.

Niliosha mafuta yote kwa sabuni. Nikaanzia upande wa ndani usioonekana, nikaona inakubali, ndipo nikaja juu. Unalowesha, unasugua taratibu kwa mkono ulio mwepesi, unasuuza, unahamia msasa laini zaidi. Tatizo ni kwamba katikati ya kazi hali inakuwa mbaya kuliko ulipoanza. Mikwaruzo inapotea lakini plastiki yote inakuwa na ukungu, na mtu anayepita anadhani umerukwa na akili. Nami nilianza kuwaza hivyo.

Ijumaa nikiwa katika hali hiyo, aliingia Mama Nakijwa. Alikuwa ameshuka kuuza maharage sokoni, akaona apite kunisalimia. Aliniona nimechuchumaa na msasa, maji yananichuruzika.

"Enhe!" akasema. "Si nilijua? Ile ilitaka kusuguliwa zaidi. Siku ile giza lilinizuia."

"Ndiyo, mama."

"Unasugua kama unabembeleza mtoto. Lete."

Nilificha msasa mkali nikampa kitambaa na kompaundi. Alijifunga kanga kiunoni akaanza. Mama, nguvu ya mikono ile! Ukungu ulianza kuondoka, wekundu ukachomoza kipande kwa kipande, na tulipomaliza digadi la mwisho jua lilikuwa likitupiga machoni kutoka juu ya plastiki. Nilikaa chini. Nikamshukuru Mungu.

Ndipo meneja akatoka ofisini. Aliizunguka pikipiki, akapitisha kiganja, akainama kutazama pembeni.

"Imerudi," akasema. "Umenusurika. Lakini mikwaruzo ile ilikuwa ya mchanga. Sasa niambie, ni mjinga gani anayeosha plastiki kwa mchanga?"

Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Mama Nakijwa alisimama, akajifuta mikono.

"Mjinga mwenyewe ni mimi, baba."

Meneja alimtazama, ndipo akaona ni mtu wa umri wa mama yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niliisugua kwa mchanga na majivu. Sufuria zangu hazijawahi kulalamika. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi, nitapanda zangu Mhezi. Huyu hakuigusa."

Mzee wa kuchomelea alicheka mpaka akakohoa. Meneja alikaza uso, ukamshinda, naye akacheka. "Hapana, mama. Hakuna anayefukuzwa. Ndizi zako zilikuwa tamu." Kisha akanigeukia: "Kuanzia leo kuiosha ni kazi yako peke yako." Jana mwenye shamba alikuja, akaipanda, akaondoka bila kusema neno. Kwake yeye hilo ni sifa.

Ijumaa ile ile nilimsindikiza Mama Nakijwa hadi stendi. Tulipofika kwenye gari la Mhezi akaniuliza, "Ungefukuzwa kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukuniambia."

"Ningeanzaje kumwambia hivyo mama mkwe?"

"Mkwe gani?" Akaweka kikapu chake ndani ya gari. "Hata posa hujaleta." Akapanda, akakaa, akatoa kichwa dirishani. "Walete wazee wako. Wajomba niachie mimi."

Mama, hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Zungumza na baba mdogo, na mjomba yule anayejua kusema mbele za watu, muafikiane lini watakuja. Nauli nitatuma nikijua siku. Wavae viatu vigumu, huko juu kuna utelezi.

Nisalimie dada na watoto wake, shangazi wa ng'ambo ya mto, na babu jirani aliyenifundisha kushika spana. Wewe goti lako lipumzishe; utalihitaji siku ya kucheza.

Ni mimi mwanao, mwenye mikono iliyochubuka na moyo mweupe,

Yohana