Siku Tisa Nilizoandika kwa Jina Lako

Bi Somoe,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila hiyo, hata kwenye karatasi. Siku moja nilisahau, ukanirudisha mlangoni niingie upya mbele ya wateja wawili wa Malawi. Nilikuwa na miaka ishirini na nane na cheti cha forodha kwenye mkoba. Nilinuna hadi mchana.

Leo ni wiki moja tangu tufanye arobaini yako kule Chanika. Nilitaka kukwambia jambo siku ile, ila watu walikuwa wengi na binti yako Rukia alikuwa amenishika mkono hataki kuniachia. Ndiyo maana naandika. Nimefanya kosa kubwa, Bi Somoe, na nimelifanya kwa simu yako.

Ngoja kwanza nikupe habari za ofisi, maana ungeuliza hizo kabla ya yote. Tupo palepale Temeke. Feni imetengenezwa. Madereva wote wanne bado ni wetu. Jirani yetu mwenye yadi ameweka bango jipya lenye picha ya meli, na neno uaminifu ameliandika mara mbili, juu na chini. Ungecheka mpaka ushike ukuta. Wewe hukuwahi kuwa na bango. Watu walikuwa wakiulizana tu, yule mama wa Lindi yuko wapi, wanaletwa mpaka mlangoni.

Nilipokuja kwako nilidhani kazi hii ni makaratasi. Gari lililotumika limenunuliwa Japani, limeshuka bandarini kwetu, tunalitoa, dereva analiendesha mpaka Tunduma, anamkabidhi mtu wa mteja mpakani, basi. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mwenye gari yuko Ndola au Lubumbashi, hajaliona gari lake wala hajatuona sisi, na kati ya bandari na mpaka jeki inaweza kuota miguu, redio ikapotea, tairi la spea likageuka kipara. Ulikuwa unazunguka kila gari na simu mkononi, polepole, unarekodi huku unasema kwa sauti kilichomo. Hata mwavuli wa mtoto uliosahauliwa kiti cha nyuma na Wajapani ulikuwa unautaja. Nilikuuliza mwavuli una faida gani. Ukasema, "Umo kwenye gari lake, ni wake."

Na madereva. Mungu wangu, madereva. Wenzetu walikuwa wanatazama leseni, wanampa mtu ufunguo. Wewe ulikuwa unaenda kwanza nyumbani kwake. Mzee Kibwana aliniambia ulimfuata mpaka Tandale, ukakaa kwenye kigoda cha mkewe, ukanywa chai, ukauliza watoto wanasoma wapi, hukugusa habari ya gari hata kidogo. Alidhani umekuja kuposa. Baada ya hapo, kila akiwa safarini, ulikuwa unampigia mkewe kumwambia kafika Mafinga salama, kalala, usiwe na wasiwasi. Nikawa nasema hiyo siyo kazi yetu. Nilikuwa mjuaji sana, samahani. Miaka sita sijaona dereva wako hata mmoja aliyepotelea njiani siku mbili kama wanavyopotea wa wenzetu.

Lakini nataka kuzungumzia Papa Ilunga wa Lubumbashi, maana kosa langu lipo kwake. Miaka kumi na moja amekuletea magari na hamjawahi kuonana. Mlikuwa mnatumiana sauti tu. Nilikuwa nakaa meza ya pili nasikiliza, nachoka. Yeye anauliza kuku wako wa Chanika, wewe unauliza mguu wa mkewe, mnasalimia mvua, mnasalimia mahindi, dakika nne zinapita bado namba ya chesisi haijatajwa. Ukishamaliza unanitazama juu ya miwani, unasema, "Andika, magari matatu." Nilikuwa najiuliza hawa watu wanafanya biashara saa ngapi.

Mwezi wangu wa kwanza lori liliikwangua Noah yake pale Kitonga, taa ya mbele ikapasuka. Dereva alipiga simu. Ulimuuliza kama ameumia, akasema hapana, na papo hapo ukampigia Papa Ilunga. Mimi nikakwambia, si tungengoja ifungwe taa nyingine Iringa, asingejua. Hukunifokea. Ulisema, "Habari mbaya ya gari lake isimfikie kwa mdomo mwingine kabla ya wangu." Niliiandika kwenye daftari langu siku ile, nikapiga mstari chini yake. Yaani niliijua, Bi Somoe. Sina cha kusingizia.

Ulianguka Jumanne asubuhi ukivaa viatu uje kazini. Nilikuwa kwenye basi la mwendokasi, ndiyo kwanza tumepita Manzese, Rukia akanipigia, na sikuelewa anachosema mpaka alipokirudia mara ya tatu. Jumatano baada ya adhuhuri tukakuzika Chanika. Madereva wote walikuwepo. Mzee Kibwana aliingia kaburini kukupokea pamoja na wanao, kama ndugu.

Alhamisi Rukia akanipa simu yako. Akasema, "Dada Tumaini, hii inalia tu, mie siwajui hawa watu." Ujumbe wa kwanza niliofungua ulikuwa wa Papa Ilunga. Magari yake mawili yalikuwa njiani baharini na moja lilikuwa tayari kwenye yadi yetu. Alikuuliza umeamkaje.

Nikaandika, "Nimeamka salama, Papa."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako, jana yake tu tumekuzika. Niliogopa. Robo tatu ya kazi ya ofisi ni magari ya huyu mtu, na niliijua mitaa yetu: siku mawakala wengine wakisikia umeondoka, watampigia wote kwa mpigo, yule mama kafariki, lete kwetu. Madereva wanne na familia zao. Mimi na chumba changu cha Manzese. Na yeye alikuwa anakuamini wewe, hakuwa ananijua mimi, kwake nilikuwa kikohozi tu nyuma ya sauti yako. Nikajiambia nipate wiki moja, magari yashuke, ayaone yamefika, halafu nitamwambia.

Akasema, Mama Somoe, leo unaandika, tuma sauti. Nikajibu kwamba koo limekauka, daktari amenikataza kuongea. Nilikuwa mwepesi mno, uongo ulitoka wenyewe. Basi yule baba akaanza kukuombea. Kila asubuhi sauti inaingia, anakutajia asali na tangawizi, anamwomba Mungu akurudishie koo lako, mkewe anasikika nyuma anaitika amina. Siku tisa. Nilikuwa nasikiliza mpaka mwisho, kisha najibu "asante sana Papa" kwa jina lako.

Siku ya tisa ilikuwa zamu ya Mzee Kibwana kupeleka lile gari la yadini. Nilimpa karatasi, nikamwambia akifika Tunduma wale watu wa Papa Ilunga wakiuliza habari zako, aseme unaumwa koo. Alikuwa ameshasimama. Akakaa tena. Akauweka ufunguo mezani, taratibu, hakuutupa.

Akasema, "Sista, huyu mama miaka yote hakuwahi kunituma uongo akiwa hai. Leo wewe unanituma akiwa kafa?"

Nililia pale pale, mbele yake na mbele ya mteja aliyekuja kuulizia ushuru. Mzee Kibwana alimwambia yule mteja atoke kidogo. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akasema gari atalipeleka, ila kwanza nimpigie Papa Ilunga yeye akiwa hapo hapo.

Nikapiga kwa simu yangu. Nikajitambulisha, mimi ni Tumaini, ndiye anayekaa meza ya pili. Nikamwambia umefariki. Nikamwambia lini. Nilimsikia anahesabu kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwao. Nilijiandaa kwa maneno ya magari, nilikuwa nimeshayapanga majibu yote, ya mzigo, ya mpakani, ya nani atasaini. Hakuuliza hata moja.

Alisema, "Mama Tumaini, gari ni gari tu. Lakini we uliniibia kilio yangu." Kisha akasema, "Siku tisa naomba Mungu juu ya koo ya mutu mwenye alishakufa." Akakata.

Bi Somoe, nimekaa na kauli hiyo mpaka leo. Mimi nilikuwa nalinda mteja. Kumbe kule Lubumbashi kulikuwa na mfiwa, na mimi nilikuwa nimemfungia mlango wa msiba wake. Zile dakika nne za kuku na mguu nilizokuwa nazichoka ndizo zilizokuwa kazi yenyewe, na mimi nilikuwa nangoja ziishe ili kazi ianze. Uliijenga kwa miaka kumi na moja, kwa mdomo wako tu, na mtu usiyemjua sura. Sijui mtu mwingine anayeweza. Nilikupenda nikiwa nadhani wewe ni hodari. Sasa ndiyo najua ulikuwa hodari kiasi gani.

Kesho yake magari yale mawili ya baharini akayahamishia kwa wakala mwingine, wa Kurasini. Alikuwa na haki. Sikumbembeleza, sikutuma mtu. Lile moja Mzee Kibwana alilifikisha salama, na nililirekodi mimi mwenyewe kabla halijatoka, nikasema kilichomo kwa sauti, na mwanzoni kabisa nikasema jina langu. Niliwapigia wateja wengine wote waliokuwa kwenye simu yako, mmoja mmoja, nikawaambia. Wawili wameondoka. Madereva nao niliwaita nikawaambia nilichofanya, maana Mzee Kibwana alikuwa amenisitiri, hakumwambia mtu.

Wiki ya tano Papa Ilunga akatuma ujumbe mfupi, arobaini ni siku gani. Nikamwambia. Sikudhani lolote. Kumbe alipanda basi, akaivuka Zambia nzima, akashuka stendi ya Mbezi siku ya tatu amevimba miguu. Nilimtambua kwa sauti, akiuliza mtu njia. Ni mfupi, Bi Somoe. Mfupi kabisa, na wewe siku zote ulikuwa unasema huyo lazima ni pandikizi la mtu. Alikuwa amebeba vitenge viwili. Akasema kimoja ni chako na kingine ni cha binti yako, na kwa kuwa wewe hupo vyote viende kwa Rukia.

Chanika walimpokea kama mtu wa nyumbani. Wewe unawajua watu wako. Yeye ni Mkristo kama mimi, ila alikaa mkekani mpaka dua ikaisha, akala pilau, akamsikiliza Mzee Kibwana akisimulia habari zako za Tandale. Baadaye akaomba apelekwe kaburini. Tulienda watatu, Rukia, yeye na mimi. Alivua kofia. Akasema, "Mama Somoe, ni miye, Ilunga. Nimechelewa. Hapana kosa yangu." Hakunitazama. Alisema hivyo tu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nikufuate.

Siku mbili alizokaa hakugusa habari ya magari. Nilimsindikiza Mbezi asubuhi, nikambebea begi. Kabla hajapanda, alinyoosha mkono nikadhani anataka begi, kumbe anataka tushikane. Akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Nikamwambia Kasulu. Akauliza wazazi wapo? Nikasema mama yupo, baba hayupo. Mama anaumwa? Nikasema macho. Watu walikuwa wanapanda, kondakta anapiga bodi, yeye anauliza macho yanaumwa tangu lini, na kama kwetu mvua imenyesha. Nikamjibu yote. Nami nikamuuliza mguu wa mkewe, akanieleza kwa kirefu, na kwa mara ya kwanza sikutazama saa. Halafu akasema kuna kigari kimoja, kidogo, kitashuka mwezi ujao. "Kimoja tu," akasema. "Somoe nilimujua. We bado sikujue."

Ni kimoja, Bi Somoe. Nitakipokea kama ulivyonifundisha. Nikikosea nitamwambia siku hiyohiyo, kabla hajasikia kwa mtu.

Simu yako nimemrudishia Rukia jana. Kabla ya kuizima nilisoma tena yale niliyoyaandika siku zile tisa. Sikuyafuta, yakae kama yalivyo, ni yangu. Ila naahidi mbele yako kwamba sitaandika tena neno moja kwa jina la mtu mwingine, na kila nitakachokituma, kizuri au kibaya, kitabeba jina la aliyekituma. Pumzika, mama yangu. Nisamehe ukiweza.

Ni mimi niliyeandika haya yote,

Tumaini